Helmeti Niliyoivunja Jeddah

Juma lililopita vijana watatu wa hapa mjini Wote walinionyesha video kwenye simu. Kipa wa magongo ya barafuni, huko Ulaya, anapigwa usoni, anaanguka chali, na aliyeisambaza hiyo video ameiwekea muziki wa kuchekesha. Vijana walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mimi sikucheka. Niliwarudishia simu yao nikaenda zangu nyumbani, na hasira niliyoondoka nayo ndiyo imenikalisha hapa kuandika.

Najua mtauliza Mkamba wa Makueni amejulia wapi mambo ya barafu. Nimeyajulia Saudia. Msicheke tena. Miaka kumi na saba nilifanya kazi katika viwanja vya barafu, kwanza Riyadh, kisha Jeddah, kisha Riyadh tena. Nje jua linalainisha lami, ndani ya jengo mtu anavaa makoti mawili. Chini ya sakafu kuna mabomba ya baridi, juu yake maji yamegandishwa, na juu ya maji hayo watu wanateleza na viatu vyenye visu chini, wanapiga kwa magongo kisahani cheusi cha raba kinachoitwa paki. Raba, ndiyo, lakini imegandishwa kwanza. Ukipigwa nayo huwezi kuitofautisha na jiwe.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kutunza vifaa vya makipa. Nilinoa visu vya viatu, nikakausha glavu, nikashona mikanda ya pedi. Lakini sikuanzia hapo. Nilianza kama askari wa mlangoni, na jinsi nilivyoingia uwanjani ni jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka ulimi unagusa pengo wenyewe.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Al-Murabba, Riyadh, Wakenya sita chumba kimoja, na gari la kampuni likituchukua kila asubuhi. Mchana mmoja timu ya vijana wa watu wenye nafasi ilikuja kufanya mazoezi na kipa wao hakufika. Meneja wetu, tuliyemwita Abu Ziyad, aliangaza huku na huku akaniona nimesimama na sare yangu. Akasema, yalla Kenya, simama pale golini. Nilisema sijui kuteleza. Akasema hakuna kuteleza, ni kusimama tu. Nikapewa glavu moja na kofia ya baiskeli. Kofia ya baiskeli, jamani. Wale vijana hawakuwa wabaya, walikuwa wanacheza tu, nami niliwekwa pale kama debe la kulengea shabaha. Paki ya nne iliniingia mdomoni. Meno mawili ya mbele yalitoka, moja nikaliona juu ya barafu, la pili sijui lilikokwenda.

Jioni Abu Ziyad aliniletea karatasi ya Kiarabu niweke sahihi. Niliiweka. Baadaye mtu wa duka la simu alinisomea nakala: mfanyakazi ameteleza kwenye ngazi kwa uzembe wake. Kwa hiyo meno yangu yaling'olewa na ngazi, na ngazi haikuwa na kosa.

Miezi michache baadaye ndipo alipokuja Msweden. Jina lake Sixten, nasi tulilisikia kama ile namba ya Kiingereza, kwa hiyo wiki ya kwanza haijaisha Wakenya wote walimwita Kumi na Sita. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo kiunoni, na alivaa miwani ya jua hata ndani ya jengo. Tulisema ni maringo. Alikuwa ameletwa kufundisha makipa.

Siku ya tatu alisimama mbele yangu mlangoni akaniuliza meno yamekwenda wapi. Nilimwambia ngazi. Alinishika kidevu, bila ukali, akainua uso wangu kuelekea kwenye taa kama daktari wa ng'ombe. Akasema ngazi haiwezi kuvunja meno na kuacha pua nzima. "Hiyo ni paki," alisema. "Nani alikusimamisha golini bila helmeti?" Nilitazama mlango wa ofisi. Aliingia ofisini kwa Abu Ziyad, na sauti niliyoisikia kupitia mlango ule sikuisikia tena kwake miaka yote iliyofuata. Alipotoka alisema kuanzia kesho nitakuwa chumba cha vifaa, kwa sababu mtu aliyewahi kupigwa hatapuuza mkanda uliolegea.

Basi nilijifunza kwa kukosea. Kosa la kwanza lilikuwa glavu. Ziliponuka jasho nilizipeleka juu ya paa, kwenye jua la Riyadh, nikajisifu kwamba saa moja zimekauka. Kumi na Sita alizichukua, akanipa moja, akaniambia niikunje. Ilikuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Akaniambia niivae siku nzima nikifanya kazi zangu. Siku hiyo nilifungua milango kwa kiwiko na chai nikanyweshwa na Mnepali mwenzetu wa kazini. Tangu hapo nilijua: ngozi hukaushwa kivulini, feni ikiwa mbali, vidole vikiwa vimepanuliwa kwa vijiti. Jeddah ni kinyume, kule hewa ya bahari haikaushi kitu, ukiacha glavu kwenye begi siku mbili zinaota ukungu wa kijani.

Kosa la pili lilikuwa viatu. Nilinoa visu vyake kama vya wachezaji wengine, vikali vyenye mfereji wa kina katikati. Alipojisukuma kwenda upande, kisu kilishika barafu badala ya kuteleza, akaanguka kwa ubavu. Kipa hakimbii mbele, kipa anaenda kushoto na kulia, kwa hiyo kisu chake hakitaki mfereji wa kina. Siku hizi kuna mashine inayopima yenyewe. Sisi tulipima kwa ukucha: ukiupitisha juu ya kisu ukakwaruzika kidogo, basi, ukikatika, umezidisha.

Na la tatu si kosa, ni elimu, nanyi mnaofanya kazi za bodaboda na mjengo lishikeni. Helmeti hukaguliwa kwa sikio. Iweke juu ya magoti, igonge kwa kifundo cha kidole, mahali padogo padogo, kuzunguka yote. Nzima inalia juu, kavu. Yenye ufa inaitikia chini, kama mtungi uliopasuka. Rangi inaweza kuficha ufa. Sauti haiwezi.

Tukiwa kwenye vifaa hivyo alinisimulia maisha yake, kipande leo, kipande mwezi ujao. Alizaliwa kaskazini mwa Sweden, mji wa kiwanda cha mbao, mahali ambapo maziwa huganda na watoto hucheza juu yake. Alikuwa kipa kwa sababu kaka yake mkubwa alitaka mtu wa kumlenga. Nilimwambia, basi kocha, sisi tuliajiriwa kwa njia moja. Alicheka sana, ndiyo mara ya kwanza niliona meno yake, na mengi hayakuwa yake.

Alipofikia ligi kubwa ya kwao walimweka kipa wa akiba. Misimu sita. Kazi yake mechi zote hizo ilikuwa kukaa mwisho wa benchi na kufungua kilango wenzake wakiingia na kutoka. Alisema alikijua kile kilango kuliko mlango wa nyumba yake. Msimu wa saba kipa mkuu aliumia, naye akaingia, na kwa majuma kadhaa watu wa mji ule walimwimba jina. Kisha mchezaji mmoja alimwangukia, goti likampata upande wa kichwa.

Hapa ndipo ninapotaka msikie, ninyi mliocheka. Kocha alimwendea akamwonyesha vidole akamuuliza ni vingapi. Kumi na Sita hakuviona. Lakini alijua kwamba siku zote huonyeshwa viwili, kwa hiyo akasema viwili. Wakampiga begani wakamrudisha golini. Hakukumbuka yuko mji gani. Alifungwa matatu. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba ameshindwa na woga, na masika hiyohiyo klabu yake ikamwacha. Hakuna hata mmoja kati ya wale aliyesema, huyu alikuwa ameumia, sisi tuliona. Mtu anapigwa kichwani mbele ya maelfu ya macho, kisha anaitwa mwoga na watu walioketi kwenye viti.

Alicheza tena katika klabu ndogo, akaumia kichwa mara ya pili na ya tatu. Daktari alimwambia likija pigo jingine, huenda siku moja asimtambue binti yake. Akaacha. Aliendesha lori la maziwa miaka kadhaa, kisha akasikia Saudia wanatafuta walimu wa barafu. Na ile miwani ya jua haikuwa maringo. Mwanga ulimuumiza. Nilipolijua hilo nilikwenda chumbani Al-Murabba nikawaambia wenzangu tufunge midomo.

Kampuni ilifungua uwanja Jeddah, sote tukahamishiwa huko, pamoja na Abu Ziyad. Mimi nilipata chumba mtaa wa Ruwais na madereva wawili wa kutoka Taita. Mmoja wa jirani zetu, Salim wa Malindi, alikuwa karani bandarini, anasoma Kiarabu kama wenyewe. Ni Salim aliyetuambia kwamba kontena letu la vifaa vipya limekwama Bandari ya Jeddah kwa sababu kampuni haikuambatisha karatasi fulani. Ndani yake kulikuwa na helmeti za makipa. Nilimwambia Abu Ziyad. Alisema bukra, kesho. Bukra yake ilikuwa na miezi miwili.

Tukabaki na helmeti moja tu ya kipa.

Kukawa na mechi ya maonyesho, wageni waalikwa, viti vya mbele vyenye vitambaa vyeupe. Siku nne kabla, kipa wetu alivunjika kidole. Abu Ziyad hakuahirisha. Alichapisha bango lenye uso wa Kumi na Sita: kipa wa ligi kuu ya Sweden. Mtu huyo alikuwa na miaka hamsini na mbili. Niliwaza atakataa. Hakukataa. Nilimkuta asubuhi amekaa sakafuni anang'arisha viatu vyake mwenyewe, kazi ambayo ilikuwa yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda harusini.

Niliichukua helmeti, nikaiweka magotini, nikaigonga. Juu ya sikio la kushoto iliitikia chini. Nikarudia. Ile ile sauti. Nikaikwaruza rangi kwa ukucha nikauona ufa, mwembamba kama unywele, unashuka kuelekea kidevuni.

Nilimwonyesha. Alipitisha kidole gumba, akasema kwa saa moja itavumilia. Nikamkumbusha alichoambiwa na daktari. Akasema anakumbuka, asante, kichwa ni chake. Nikaenda kwa Abu Ziyad. Alikuwa kwenye simu, hakuikata. Alitazama, akasema mafi mushkila, hakuna shida, funga utepe, paka rangi juu yake.

Na mimi nilifunga huo utepe. Sitawadanganya. Nilirudi chumbani nikakata utepe mweusi nikaubandika vizuri, kwa sababu ikama yangu, kile kibali cha kukaa Saudia, ilikuwa mikononi mwao, na nilikuwa na mtoto Machakos anaingia chuo. Hasira yangu ya kwanza siku ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Wachezaji waliingia baada ya sala ya alasiri. Wageni walikuwa wahandisi wa kigeni, wakubwa wa miili, na katika kupasha misuli moto nilimwona mmoja akipiga paki kwa nguvu hata ubao wa nyuma ukatetema. Kumi na Sita alikuwa benchini anafunga pedi ya mwisho. Alininyooshea mkono nimpe helmeti.

Sikumpa. Niliishika kwa kile kizuizi cha waya cha usoni nikaipiga kwenye kona ya kilango cha chuma cha benchi. Mara moja tu, wala si kwa nguvu zangu zote. Ilipasuka kutoka sikioni mpaka kidevuni, kipande kimoja kikabaki mkononi, kingine kikaviringika mpaka miguuni pa wale wa vitambaa vyeupe.

Nikamgeukia Abu Ziyad.

"Bosi, hii ndiyo uliyotaka avae."

Nilimtazama kocha wangu, nikitarajia, sijui nilitarajia nini. Alianza kufungua pedi, mkanda baada ya mkanda, taratibu. Alipomaliza alisimama kwa soksi.

"Ilikuwa mechi yangu ya mwisho, Kenya," alisema, akatoka bila kunitazama.

Niliambiwa nisikanyage pale tena. Siku tisa nilikaa Ruwais nikingoja kuitwa, kisha nikaitwa ofisini kwa kafili, yule Msaudi aliyetudhamini. Abu Ziyad alikuwa ametangulia na karatasi yake tayari. Safari hii nilikwenda na Salim, naye akanisomea kila neno kabla sijagusa kalamu: kwamba nimeharibu mali ya kampuni kwa hasira, baada ya kunyimwa likizo. Likizo gani? Sikuwa nimeomba. Niliirudisha kalamu mezani. Nikatoa kwenye mfuko wa plastiki vile vipande viwili, maana nilikuwa nimeviokota vyote, nikamwomba kafili, baba, tafadhali tazama ukingo huu. Palipovunjika siku ile palikuwa peupe. Lakini juu ya sikio, urefu wa kidole, ukingo ulikuwa mweusi, umejaa jasho na uchafu wa miezi. Ufa ule ulikuwa umeingia zamani, kabla mkono wangu haujaugusa.

Kafili alikuwa mzee wa maneno machache. Alivigeuza vipande mara mbili, akamtazama Abu Ziyad kwa muda, akasema halas, yaani basi, yamekwisha. Karatasi ikachanwa.

Msidhani haki ilitendeka. Mimi nilirudishwa Riyadh, nikaanza na kusafisha vyoo vya uwanja kwa mwaka mzima kabla hawajakubali kwamba hakuna mwingine wa kunoa viatu vya makipa. Abu Ziyad alipandishwa cheo. Kontena lilitoka bandarini juma moja baada ya mechi, helmeti sita mpya ndani yake, na aliyepigwa picha akizigawa ni yeye. Hakuna aliyeniomba radhi, si kwa helmeti, si kwa meno. Nilistaafu kazi ile nikiwa naipenda na nikiwa nimeikasirikia, na ninyi mtakaokwenda huko msimruhusu mtu awaambie haiwezekani kufanya yote mawili.

Lakini nimeruka jambo moja, nalo nimeliweka mwisho kwa makusudi.

Katika zile siku tisa, Ijumaa mchana, nilikuwa nikipika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na maharagwe. Mmoja wa wale madereva alikuwa amerudi nayo kutoka likizo Kenya. Mlango ukabishwa. Kumi na Sita alikuwa amesimama kwenye ngazi zetu na miwani yake, amelowa jasho, ameuliza nyumba ya Wakenya mtaa mzima. Nikamkaribisha. Hakukuwa na kiti, akakaa kwenye godoro, magoti yake mabovu yakalia. Nami nikaendelea kukoroga sufuria. Bado niliumia moyoni kwa jinsi alivyonipa mgongo siku ya mechi.

Mwishowe alisema alikuwa amenikasirikia siku tano. Alisema maisha yake yote watu wengine waliamua lini anaingia golini na lini anatoka, na siku ile alidhani nami nimekuwa mmoja wao. Siku ya sita alimpigia binti yake simu akamsimulia, ili wamkasirikie mtu pamoja. Binti akalia. Kisha akataka kujua ni nani aliyeivunja helmeti, amwandikie barua ya kumshukuru.

"Nikamwambia, ni Kenya," alisema. "Akaniuliza, Kenya nzima, au mtu mmoja?"

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mwanga au ya kitu kingine.

"Hatujui jina lako," alisema. "Mimi sijui jina lako."

Vijana wangu, mtadhani niliguswa. Nilikasirika. Nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia Abu Ziyad siku yoyote. Miaka minne nimemkaushia glavu. Najua mguu upi unamuuma asubuhi, najua jina la kaka yake, jina la lori la maziwa alilokuwa akiendesha. Niliweka mwiko chini nikamwambia hayo yote, kwa Kiingereza changu kibovu, neno kwa neno, na sikupunguza sauti. Alisikiliza yote. Hakujitetea, hakusema samahani haraka ili ninyamaze. Alingoja mpaka nikaishiwa.

Kisha akaniomba nimwambie.

Nikamwambia: Josphat Mutinda Kyalo.

Alisema Motenda. Nikasema hapana. Akasema Mutenda. Nikasema hapana, rudia. Chakula kilikuwa kimeiva na wenzangu wawili walikuwa wameshika sahani, wananitazama kama nimerukwa na akili. Nikamfanya alirudie, mara sita, mara saba, mpaka likatoka kinywani mwake kama anavyolitamka mama yangu.

Ndipo nikampakulia.